Breki za umeme za trela ya zamani: yanayoaminiwa na yalivyo kweli

Trela za kulala za zamani, zile zenye breki za umeme, zinazungukwa na maneno mengi sana, na baadhi ya hayo maneno ni hatari kabisa maana mzigo wa tani mbili ukiwa nyuma ya gari kwenye mteremko haukupi nafasi ya kujaribu tena.

Dhana kubwa, na ndiyo inayozaa nyingine nyingi, ni kwamba sumaku ndiyo inayosimamisha tairi. Sumaku ya breki ni ndogo, inakula kama ampea 3 hivi kwenye volti 12, peke yake haiwezi kuzuia kitu. Umeme ukifika, inang'ang'ania ule uso bapa ulio ndani ya dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka pamoja na tairi, na kwa vile dramu inazunguka basi nayo inaburutwa, ikiburutwa inavuta mkono wa chuma ilipofungwa, na huo mkono ndio unaozisukuma breki shuu, yale mabamba mawili yaliyopinda, zikabane dramu. Yaani nguvu ya kusimama inatoka kwenye mzunguko wa tairi lenyewe! Ukishalielewa hili, mengi yanafunguka. Trela ikiwa imeegeshwa ukakanyaga breki utasikia mvumo mdogo tu, na ikiwa inatambaa polepole breki zinaonekana legelege, na hapo hakuna kilichoharibika.

Halafu kuna hii ya kontrola, kile kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Gari inasukumwa na trela, dereva anapandisha nguvu ya kontrola, kesho anapandisha tena, na anaamini ametatua. Ukweli ni kwamba breki nyingi za trela za zamani hazijirekebishi zenyewe. Lainingi, lile tabaka la juu ya shuu linalosugua dramu, ikiisha kidogo kidogo pengo linaongezeka, mkono wa chuma unafika mwisho wake kabla shuu hazijabana vizuri, na hapo umeme wowote utakaoongeza hausaidii, tena lile tairi moja ambalo bado breki yake nzima ndilo litakalojifunga na kuburuzika lamini. Kabla hujanunua chochote rekebisha kwanza. Nyanyua trela kwa jeki kwenye fremu, sio kwenye bomba la ekseli, weka stendi, kisha kupitia tundu lililo nyuma ya breki zungusha kile kigurudumu cha meno huku ukizungusha tairi kwa mkono, kaza mpaka tairi linakuwa gumu sana, halafu rudisha nyuma kama meno 10 mpaka linazunguka kwa kuburuza kidogo tu. Kila kilomita 5,000 hivi, rudia. Breki nyingi zilizoitwa mbovu zinarudi kazini kwa hilo tu, na zisiporudi shika mita ya umeme upime pale pale kwenye sumaku, usipimie kwenye plagi inayounga trela na gari, kwa sababu waya unaopita ndani ya bomba la ekseli unasuguana kwa miaka mpaka unachunika, na viungio vya chini ya trela vinaota kutu. Sumaku nzima inasoma ohm 3 mpaka 4 hivi. Ikisoma karibu na sifuri ina shoti ndani, isiposoma kabisa imekatika.

"Lainingi bado nene kwa hiyo breki ziko fiti." Hapana jamani, angalia uso wa sumaku pia! Nao unalika. Weka rula juu yake, ukikuta umeinama upande mmoja au una mifereji, imekwisha, na hapo hapo angalia uso wa dramu inaposhika kwa sababu sumaku mpya ukiipandisha kwenye uso uliochimbika italiwa haraka. Dramu inaweza kuchongwa lakini kuna mwisho, ya inchi 10 haitakiwi kuzidi inchi 10.09, ya inchi 12 haizidi 12.09.

Sasa grisi. Hili linanikera kwa kweli maana naliona likirudiwa kila mahali, eti shuu zikilowa grisi unaosha kwa petroli, unapiga msasa, unarudisha. Lainingi inanyonya. Juu itaonekana kavu na safi, lakini breki zikipata moto ile grisi iliyoingia ndani inachuruzika tena, upande mmoja unashika na mwingine unateleza, trela inavuta gari. Shuu zilizolowa ni za kutupa, na tafuta grisi imetoka wapi, mara nyingi ni sili, yaani mpira unaozuia grisi isitoke, iliyochoka au mtu alipampu grisi kwa nguvu bila kuzungusha tairi ikapita nyuma ya sili. Kila ukifungua habu, yaani kitovu cha tairi, weka sili mpya na kotapini mpya, ile pini inayozuia nati isifunguke, usifanye ubahili hapo. Na usipulize vumbi kwa kompresa, lainingi za zamani huenda zina asibestosi.

Wengi pia wanaamini kubadilisha shuu peke yake ni nafuu kuliko seti nzima. Kwenye trela kuukuu mimi nasema nunua seti nzima iliyokwisha pangwa kwenye bamba lake, maana springi zako zimechoka, mkono wa chuma umelika kwenye egemeo lake, na kazi yenyewe ni kufungua nati chache na kuunga waya mbili. Hizo waya mbili za sumaku hazina chanya wala hasi, yoyote iende popote. Ila kushoto na kulia sio sawa, shuu yenye lainingi fupi inakaa mbele, ukikosea mkono unavutwa upande usiofaa na breki inakuwa dhaifu. Na ni pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, usibadilishe moja ukaacha nyingine.

Ukimaliza usitegemee zishike siku ile ile. Shuu na sumaku mpya zinahitaji kuzoeana na dramu, tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 65 mpaka 30 kwa saa mara 20 au 30, ukiacha zipoe katikati, kisha baada ya kilomita 300 hivi rekebisha tena. Nati za tairi kaza upya mapema kabisa, ndani ya kilomita 20 za kwanza.

La mwisho ni ile swichi ya dharura yenye pini, inayofunga breki trela ikichomoka. Kuna wanaoitumia kama breki ya kuegesha, matokeo yake betri inaisha na sumaku zinaungua, kwa hiyo ukiegesha tumia vizuizi vya tairi. Ukiipima chomoa kwanza plagi ya gari, usije ukaharibu kontrola, kisha vuta pini, zungusha kila tairi likiwa hewani uone limefunga, na urudishe pini mara moja.