Kwa nini watu wa kawaida hushiriki maovu ya wakubwa?

Wengi hujibu swali hili kwa neno moja: hofu. Mkubwa ana askari na jela, nani athubutu kumpinga? Mara nyingi ni kweli. Lakini yapo maovu makubwa yaliyotendwa na watu waliopewa nafasi ya kukataa, na hao ndio wanaotusumbua.

Julai 1942, katika mji mdogo wa Józefów nchini Poland, Meja Wilhelm Trapp alikisomea kikosi chake cha polisi wa akiba wa Ujerumani, namba 101, amri ya kuwaua Wayahudi wa mji huo. Alisema huku machozi yakimlengalenga. Kisha akatoa ruhusa: asiyejiweza kwa kazi hiyo ajitenge. Katika askari wapatao 500, waliojitenga papo hapo ni kama 12 tu. Hawakuadhibiwa. Wengine walijiondoa baadaye, mauaji yakiwa yameshaanza. Waliobaki wakaendelea, na kufikia jioni watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa. Wauaji hawa wengi walikuwa wanaume wa makamo kutoka Hamburg, wenye wake na watoto.

Baada ya vita, washtakiwa wengi walijitetea kwamba wangekataa wangepigwa risasi. Katika mamia ya kesi, mawakili wao hawakuweza kuthibitisha hata tukio moja la askari aliyeuawa kwa kukataa kuua raia wasio na silaha. Kwa hiyo hofu peke yake haitoshi kueleza. Ukatili wa kuzaliwa nao haueleweshi kitu: ni vigumu kuamini kikosi kizima kilikusanya watu wa namna hiyo kwa bahati tu.

Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alilichunguza jambo hili kuanzia 1961. Mshiriki aliambiwa ampige shoti ya umeme mtu wa chumba cha pili kila akikosea jibu. Shoti zilikuwa za uongo, ila mshiriki hakuambiwa. Katika jaribio lake maarufu, 26 kati ya 40 walifika volti 450, kiwango cha mwisho.

Tazama mashine yenyewe. Ilikuwa na swichi 30, ya kwanza volti 15, na kila moja ikizidi iliyotangulia kwa volti 15 tu. Hapa ndipo penye siri. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: aliyekwisha kubonyeza 150 atasemaje kwamba 165 ni dhambi? Kuacha sasa ni kukiri kwamba hata ile ya nyuma haikustahili. Hatua ndogo humnyima mtu mahali pa wazi pa kusimama na kusema basi.

Majaribio haya yana dosari. Baadhi ya washiriki walishuku kwamba shoti si za kweli, na maabara si uwanja wa mauaji. Hata hivyo, jambo moja lina uzito: katika toleo jingine la jaribio hilo, wenzake wawili walipokataa mbele ya mshiriki, waliofika mwisho walishuka hadi 4 kati ya 40.

Tena, mwanasaikolojia Jerry Burger alipolirudia jaribio hilo kwa tahadhari zaidi, matokeo yakachapishwa 2009, baadhi ya washiriki waliendelea walipohimizwa kwamba utafiti unawahitaji waendelee. Walioambiwa waziwazi kwamba hawana hiari ila kuendelea, wote waligoma.