Upelelezi tulivu na wapenzi wawili wa kiume: yanayosemwa Nairobi na yaliyo kweli

Riwaya ya upelelezi tulivu ina masharti yake. Mtu anauawa, ila damu haitapakai ukurasani. Anayemsaka muuaji si polisi. Ni jirani mdadisi, mweka hazina wa chama, au fundi wa friji anayeingia nyumba za watu kila siku. Washukiwa wote wanafahamiana. Mwishowe muuaji anajulikana na mtaa unarudia chai yake. Sasa mpe mdadisi huyo mpenzi, mpenzi mwenyewe awe mwanamume mwenzake, kisha hadithi uiweke Nairobi. Hapo ushauri huanza kumiminika, na mwingi wake hauna msingi.

"Nairobi ni kubwa mno. Hadithi hizi zinataka kijiji cha Waingereza."

Kijiji cha Miss Marple, bibi mpelelezi ambaye mwandishi Mwingereza Agatha Christie alimtolea riwaya ya kwanza mwaka 1930, kilimfaa kwa sababu moja: kila mtu alijua nani ametoka na amerudi saa ngapi. Anayedai Nairobi haina hilo hajawahi kupanga nyumba. Nenda Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, uone nyumba zilivyopangwa kuzunguka ua mmoja. Gari geni likilala hapo usiku, kufikia asubuhi lina historia. Ploti ya Umoja nayo ina keateka anayejua nani hajalipa kodi, na mama mboga anayejua nani siku hizi ananunua sukuma ya watu wawili. Kisha kuna askari wa geti na daftari lake: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya nyumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Christie angelitamani daftari hilo.

Kiswahili pia kina mzee wake katika kazi hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, humaliza mambo kwa kiko, maswali na subira.

"Sheria inakataza kuandika kitabu cha namna hiyo."

Hapa watu huchanganya mambo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo la ngono kati ya wanaume, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha. Mwandishi asijifanye hakijui. Lakini kifungu hicho hakisemi lolote juu ya mhusika wa kubuni, na Ibara ya 33 ya Katiba inautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa.

Hofu nyingi zilitokana na sinema. *Rafiki*, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilipigwa marufuku mwaka 2018, na mwezi Septemba mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Bodi iliyoipiga marufuku inasimamia filamu na michezo ya jukwaani. Riwaya haipelekwi kwake kuombewa kibali. Kinachoweza kumfikia mwandishi wa vitabu ni kifungu cha 181, kinachohusu biashara ya machapisho machafu. Kwa bahati nzuri, upelelezi tulivu huufunga mlango wa chumba cha kulala hata kwa mume na mke wa ndoa ya kanisani.

Kizuizi kikubwa zaidi ni soko. Wachapishaji wetu wakubwa wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya yoyote ya watu wazima, hata ya mapenzi ya bwana na bibi, huwafikia ikiwa na aibu ya mgeni asiyealikwa.

"Mapenzi hapo ni mapambo. Yatoe, hadithi itasimama."

Ikisimama bila hayo mapenzi, imejengwa vibaya, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote. Mwandishi anatunga kisa cha mauaji, anakimaliza, kisha anatafuta sura tatu za kuwapachika wapenzi wakitazamana machoni. Msomaji huziruka.

Chukua mfano huu. Mwenyekiti wa chama amekutwa amekufa Jumamosi usiku, na mshukiwa ni mwalimu wa kwaya aliyegombana naye kuhusu pesa. Polisi wanamuuliza: ulikuwa wapi kati ya saa tatu na saa sita? Jibu analo. Shahidi pia anaye, ila ni yule aliyekuwa naye Ngara usiku huo, na ushahidi wake ukimtoa mwalimu kwenye kesi ya mauaji utawaingiza wote wawili kwenye kifungu cha 162. Basi anadanganya. Msomaji anaona uongo, anaunusa, anaanza kumshuku mtu asiye na hatia.

Katika hadithi ya mume aliyelala kwa hawara, siri kama hiyo hufichuka sura ya tano, mke akalia, polisi wakasonga mbele. Hapa haiwezi kufichuka, kwa hiyo mpelelezi hana budi kumsafisha mwalimu kwa njia nyingine. Ujumbe wa M-Pesa hutaja kiasi, jina la aliyelipwa, tarehe na saa. Maziwa na mkate vilivyolipiwa saa nne na robo katika duka la Ngara vinamweka mwalimu mbali na maiti bila kumtaja mtu wa pili. Simu huweza kushikwa na mwingine, bila shaka, kwa hiyo muuza duka lazima amkumbuke, na kumfanya amkumbuke ni sura nzima ya vichekesho ukiwa na kipaji.

Lile daftari la geti nalo hugeuka hatari. Mgeni aliyezoea kujificha ameandika jina la uongo, ila askari amenakili nambari ya kitambulisho cha kweli. Nani mwingine amelisoma? Mwanamume anayetishiwa kuanikwa asipotoa pesa si mtu wa kubuni katika jiji hili. Mfanye marehemu kuwa ndiye aliyekuwa akikamua watu hivyo, na ghafla nusu ya mtaa ina sababu ya kumuua, ikiwemo ile familia yenye heshima kuliko zote.

Faida ya mwisho ni ya mpelelezi mwenyewe. Mtu aliyeishi miaka akipima nani anachungulia pazia lipi ameshapata mafunzo ya kazi hii bila kulipa karo. Wala hahitaji kuwa msusi mwenye mikogo na umbea. Picha hiyo imechoka. Mhasibu mkimya anafaa zaidi.

"Mambo haya yameletwa na intaneti juzi."

George Baxt wa Marekani alimtoa Pharoah Love, mpelelezi mweusi anayependa wanaume, mwaka 1966. Joseph Hansen akafuata mwaka 1970 na mpelelezi wa bima, Dave Brandstetter. Riwaya zao si tulivu hata kidogo, lakini mlango walishaufungua. Hapa kwetu, mwandishi Binyavanga Wainaina alijitangaza kuwa anapenda wanaume Januari 2014 kwa insha aliyomwandikia mama yake aliyekuwa ameshafariki.

"Lazima mmoja afe, ahamie ng'ambo, au aoe mwanamke."

Anayenunua hadithi ya mapenzi anataka kuwaacha wapenzi pamoja. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wa filamu yake kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, akakataa. Harusi hutaipata, maana Ibara ya 45 inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Mtafutie mwisho mwingine: mama anayetuma gunia la viazi kutoka Kinangop, kisha anapiga simu kuuliza kama litawatosha nyote wawili.

"Bila damu, hakuna haja ya utafiti."

Upole wa hadithi hausamehe makosa. Jirani hana mamlaka ya kupekua nyumba ya mtu. Kifungu cha 34 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa, lakini hesabu za kichwani pekee si sababu ya msingi. Taarifa kituoni huandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na kupewa nambari, na nambari hiyo ndiyo kila mtu ataulizwa baadaye. Na Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha nje ya saa za mahakama, anasubiri siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo mkamate mwalimu wako Ijumaa jioni. Mpenzi wake ana hadi Jumatatu kumpata muuaji.