Picha za Kale za Pwani Hazikuchorwa Ufukweni
Hapa Lamu wengi huamini kwamba picha za kale za miji ya pwani, zile za mistari myembamba zinazotundikwa ukumbini, zilichorwa na watu waliosimama ufukweni wakitazama. Sivyo. Picha za Mombasa na Kilwa zilizochapishwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572, katika kitabu cha Georg Braun na Frans Hogenberg, zilichongwa kwenye bamba la shaba huko huko Ulaya, kwa kufuata michoro na habari za wengine. Fundi wetu wa milango huchonga kazi yenyewe itakayoonekana. Lakini mchonga bamba huichonga picha kinyume, kushoto ikawa kulia, kisha wino hujazwa ndani ya mifereji na karatasi ikagandamizwa juu yake. Picha hizi, ambazo nazithamini sana, zinatuonyesha hasa jinsi Wazungu walivyoiwazia pwani yetu.