Msamaha haufuti kesi: dhana potofu katika hadithi zetu za Kikristo kuhusu ajali za ulevi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitia maigizo na hadithi fupi za vijana wa kanisa, na nyingi zinapita njia ileile: dereva kanywa, kagonga, mtu kafa, familia ikasamehe, wote wakaimba. Nawapenda waandishi hawa. Ila hadithi zao zinasomwa pia na mama aliyezika mwezi uliopita. Akiona hafanani na mama wa kwenye hadithi, anadhani imani yake ndiyo iliyopungua. Hilo linaniuma.

Dhana: Mkristo wa kweli humsamehe dereva palepale

Katika miswada ninayoletewa, mama husamehe kabla ya arobaini. Wakati mwingine ni pale makaburini, udongo haujakauka. Biblia haina haraka hiyo. Msome Yusufu. Ndugu zake walipofika Misri kununua nafaka aliwatambua, akasema nao kwa ukali, akawatia kifungoni siku tatu, kisha akajitenga nao akalia. Hayo yako Mwanzo 42. Neno "Mimi ni Yusufu" halimtoki mpaka sura ya 45, na kufikia hapo ameshalia mara tatu. Mwandishi wa Mwanzo hakuona haya kumwonyesha mtu wa Mungu akihangaika na kidonda chake mbele ya waliomuumiza.

Hata ile "saba mara sabini" aliyoambiwa Petro, sisi huihesabu kama makosa mengi ya watu wengi. Aliyefiwa anaijua kwa namna nyingine: kosa ni lilelile moja, naye hulisamehe Jumatatu, likamrudia Jumanne akisikia breki za daladala.

Dhana: Kulia sana ni kumkosea Mungu, maana kazi yake haina makosa

Mama yangu mdogo alimpoteza kijana wake wa miaka 19, aliyegongwa pembeni ya barabara na gari lililoendeshwa na mtu aliyekuwa akinywa tangu mchana. Msibani alilia kwa sauti. Wamama wa jumuiya, kwa mapenzi yao yote, wakamziba mdomo na khanga: "Dada, nyamaza, kazi ya Mungu haina makosa." Akanyamaza. Wiki mbili baada ya maziko simu ya marehemu, iliyokuwa bado inachajiwa pale sebuleni, ikaita. Alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na habari za msiba. "Mwambie sare yake ya kwaya iko tayari, imebaki kupigwa pasi tu." Mama mdogo alijibu, "Ahsante, fundi," akakata simu, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Machozi aliyozuiwa msibani yalimtoka miezi minne baadaye, katikati ya ibada, watu wakadhani ana mapepo.

Yesu alimlilia Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua. Paulo hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Na "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" tunayoisoma kila msibani ni maneno ya Ayubu mwenyewe kuhusu msiba wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Tena sura mbili mbele Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na Mungu hamfukuzi.

Liko pia swali la hiyo kazi ni ya nani. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu 18, Yesu alikataa kabisa kusema walikufa kwa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Katika ajali ya mlevi, chupa ilifunguliwa na mkono wa mtu na ufunguo ulizungushwa na mkono wa mtu. Hadithi inayomtwika Mungu mzigo huo inampunguzia dereva mzigo wake, na msomaji anayepanda gari Jumamosi usiku hajifunzi kitu.

Dhana: Ukisamehe, unafuta kesi, na fidia ni tamaa

Hii ndiyo inayoumiza familia maskini kuliko zote. Kwenye maigizo mama anasimama mahakamani, anasema "nimemsamehe," hakimu anafuta machozi na kumwachia mshtakiwa. Sheria haiendi hivyo. Tanzania, kusababisha kifo kwa kuendesha gari umelewa ni jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kesi hiyo ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, kwa hiyo mfiwa hana uwezo wa kuifuta kwa neno lake. Anaweza kusamehe kwa moyo wote na bado akaitwa kutoa ushahidi, na akisema kweli kizimbani hajavunja msamaha wake.

Fidia ni jambo jingine kabisa. Bima ya kulinda watu wengine ni ya lazima kwa kila gari barabarani, na imewekwa kwa ajili ya watu kama wajane na yatima wa ajali hizi. Nimeona familia ikikataa kudai kwa sababu mzee wa kanisa aliwaambia hawawezi "kuuza damu ya mtoto," na mwaka uliofuata wadogo wa marehemu wakakosa ada. Zakayo alipookoka hakuishia kusema samahani. Aliahidi kurudisha mara nne. Daudi naye alisamehewa na Bwana kwa kinywa cha Nathani, na katika pumzi hiyohiyo akaambiwa matokeo yatakayoifuata nyumba yake. Hadithi zetu zingekuwa na nguvu zaidi zikimwonyesha dereva aliyesamehewa akitumikia kifungo chake bila kunung'unika.

Dhana: Mlevi hatari ni yule anayeyumba

Kwenye jukwaa mlevi hupepesuka, huimba, huangusha kofia, watoto wakacheka. Anayeua mara nyingi hayumbi. Anaongea vizuri, anawaaga watu, anasema "mbili tu, niko poa." Kikomo cha sheria Tanzania ni miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50, kwa sababu macho na maamuzi huanza kuchelewa kabla miguu haijalegea.

Kahawa haisaidii, wala maji baridi, wala supu ya mbuzi. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyemaliza bia nne saa sita usiku, akalala, akaoga, akavaa suti ya kanisani, anaweza kushika usukani saa kumi na mbili asubuhi pombe ikiwa bado iko kwenye damu. Hapo pana hadithi ambayo sijaletewa bado: ajali ya njiani kwenda ibada ya kwanza.

Dhana: Dereva akiokoka, pombe inamwacha siku hiyohiyo

Wapo walioacha mara moja, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mtu ambaye mwili wake umeshazoea pombe ya kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, hata kufa. Anahitaji maombi na anahitaji hospitali. Mwandishi akimpeleka mhusika wake kliniki hajaipunguza neema.

Mwaka huu tuliandika upya onyesho la mwisho la igizo letu. Zamani mama na dereva walikumbatiana na kwaya ikaingia. Sasa dereva ametoka gerezani, anabisha hodi uani, amesimama na mfuko wa plastiki mkononi. Mama anachambua mchele. Hasemi kitu. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye siku saba bila kusema neno, na huo ndio wakati pekee walipomfaa. Mama anamtazama mgeni, anautazama ungo, kisha anamwambia binti yake, "Mletee kigoda." Mgeni anakaa, naye anaendelea kuchambua, na taa zinazimwa hapo.