Afisa Ustawi wa Jamii na Mwili wa Mgonjwa wa Akili

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wenye magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na wengi wao huondolewa na maradhi ya mwili yanayozuilika au kutibika, yakiwemo ya moyo, kisukari na kifua kikuu.

Dawa zenyewe zina mchango wake. Olanzapini na klozapini, ambazo ni dawa za kutibu magonjwa haya ya akili, huongeza hamu ya kula, uzito, na sukari na mafuta katika damu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachowaponza zaidi wagonjwa hawa ni kutosadikiwa. Chukulia kijana anayetumia olanzapini, ambaye siku hizi anamaliza dumu la maji la lita tano na kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi, na kliniki, ikisikia hivyo tu, huenda ikamwongezea dozi, ilhali tone moja la damu ya kidole lingetosha kuonyesha kwamba sukari imepanda. Dumu lile tupu kando ya kitanda daktari halioni. Anayeliona ni afisa ustawi wa jamii aliyekwenda kumtembelea.

Kwa hiyo alichokiona akiandike, akifikishe kliniki kabla ya tarehe ya kurudi, na ikibidi amsindikize mgonjwa. Uzito, mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu na sukari vinapaswa kupimwa dawa inapoanza na kurudiwa baadaye. Nchini Tanzania, afisa huyu ndiye pia anayeshughulikia msamaha wa gharama za matibabu hospitalini, na kazi hiyo, ingawa huonekana ya makaratasi, mara nyingi ndiyo inayoamua kama kipimo kitafanyika.

Sigara inahitaji uangalifu wa pekee. Moshi wa tumbaku huharakisha uondoaji wa klozapini mwilini, hivyo mgonjwa akiacha kuvuta ghafla kiwango cha dawa katika damu kinaweza kupanda hadi kumdhuru. Ahimizwe kuacha, lakini kliniki ijulishwe mapema ili dozi ipangwe upya. Vivyo hivyo, anayenenepa asishauriwe kukatisha dawa kwa hiari yake. Suala hilo lipelekwe kwa daktari, ambaye anaweza kumbadilishia.

Na katika ziara hizi zote, maswali kuhusu mwili wake aanze kuulizwa mgonjwa mwenyewe, kisha ndipo aulizwe mama yake.