Je, wajua kwa nini ligecha ya klarineti ya besi ni ngumu kupata ikishaacha kutengenezwa?

Ligecha ni ile pete ya chuma, ngozi au plastiki inayobana tete (ule ulimi mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti) kwenye kipulizio cha klarineti, yaani sehemu inayoingia mdomoni. Za klarineti ya kawaida zimejaa madukani. Ya besi, klarineti kubwa yenye sauti nzito, ni habari nyingine: toleo likishaachwa na kiwanda, mpigaji anaweza kutafuta kwa miezi na bado akaletewa isiyomkaa.

Sababu mojawapo ni soko. Okestra yenye safu nzima ya klarineti huwa na besi moja tu, na kiwanda kinahitaji kalibu ya pekee kwa kila saizi. Kalibu ya besi ikichakaa, mara nyingi hesabu haziruhusu kutengeneza nyingine. Sababu nyingine ndiyo inayowasumbua watu zaidi: unene wa nje wa kipulizio hauna kipimo cha pamoja. Sehemu ya chini iliyozungushiwa koki (gamba laini kama la kizibo cha chupa) lazima iingie kwenye shingo ya ala, hivyo watengenezaji hawaachani mbali sana hapo. Upande wa nje, ambako ligecha hukaa, kila mmoja huchonga apendavyo. Kwa hiyo maneno “klarineti ya besi” kwenye kisanduku hayatoshi kukuhakikishia chochote.

Kabla ya kuanza kusaka, itazame vizuri ile iliyoharibika. Nyingi zinazotupwa zina kasoro ndogo: skrubu imepotea, meno yake yameliwa, au kile kipande cha shaba kinachopokea skrubu kimebanduka. Fundi wa ala za kupuliza hukilehemu upya bila shida, mradi kipulizio kiwe mbali na moto. Eboniti, ule mpira mgumu wa vipulizio vingi, haipendi joto, hata maji ya moto huipindisha na kuibadilisha rangi. Kwa skrubu, mpelekee fundi ile iliyobaki ili apime meno. Skrubu za zamani za Marekani huenda zikawa na meno ya vipimo vya inchi, na ya milimita ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili kisha ikwame na kuharibu kila kitu. Ligecha iliyogeuka yai hurudishwa duara kwa kuizungusha taratibu juu ya mti laini wenye umbo la koni. Usiikunje kwa koleo: bati jembamba hupata mkunjo usiofutika, na tete halilali tena sawasawa.

Kama kweli haiponi, chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Weka tete mahali pake, kisha pima kipenyo sehemu mbili: pale ukingo wa juu wa ligecha unapofika na pale ukingo wa chini unapokoma. Pima kutoka mgongo wa kipulizio hadi uso wa tete, halafu pima kwa upana pia, kwa sababu umbo lile si duara kamili. Vipimo viwili ni vya lazima kwani kipulizio hupungua unene kuelekea juu. Ligecha inayolingana chini lakini ikalegea juu itateleza kila ukikaza.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Kila milimita moja ya kipenyo ni zaidi kidogo ya milimita 3 za mzingo. Ligecha ambayo nafasi kati ya masikio yake (zile ncha mbili ambazo skrubu huzivuta pamoja) ni milimita 6 haiwezi kupungua hata milimita 2 za kipenyo kabla masikio hayajagusana. Yakigusana tete bado linacheza, hiyo ni kubwa mno kwako, hata kama iliandikwa jina la kipulizio chako.

Sasa tafuta kwa vipimo. Mlango unaosahaulika ni wa saksafoni ya teno: vipulizio vyake vya eboniti vina ukubwa wa karibu na vya klarineti ya besi, na baadhi ya watengenezaji huuza ligecha moja kwa vyote viwili. Vipulizio vya teno vya chuma viache, kwani vingi ni vyembamba mno na ligecha zake hazitapita. Tazama pia kama muundo unaoutaka unaishi kwa jina jingine. Ligecha ya Harrison iliacha kutengenezwa, lakini kampuni ya Rico ilitoa yenye muundo kama huo kwa jina la H. Rico nayo ilinunuliwa na kampuni ya D'Addario mwaka 2004, kwa hiyo chapa mbili zinaweza kuwa juu ya kitu kilekile. Kwenye masoko ya mitandaoni ya vitu vilivyotumika, andika pia maneno ya Kijerumani na Kifaransa: “Blattschraube Bassklarinette” na “ligature clarinette basse”. Na usizipite ala kuukuu zinazouzwa pamoja na vipulizio vyake. Mara nyingi ligecha imo ndani ya kisanduku na muuzaji hata hakuitaja.

Muuzaji muombe vitu vinne: kipenyo cha ndani juu na chini skrubu zikiwa zimefunguliwa, picha ya ndani inayoonyesha sehemu zinazogusa tete, picha ya skrubu zikiwa zimetolewa, na kama kifuniko cha kukinga tete kipo. Kifuniko si pambo. Ukinunua ligecha nene ya ngozi, kifuniko chako cha zamani huenda kisipite juu yake, na ukikisukuma ncha ya tete ndiyo itakayolipa.

Ikifika, ifunge chini kidogo ya mstari ambapo gome la tete linakoma, wala isiuvuke. Kisha fanya jaribio la hewa: lowesha tete, ziba tundu la chini la kipulizio kwa kiganja, nyonya hewa kutoka ncha, toa mdomoni. Tete likibaki limenata sekunde chache kisha likaachia kwa mlio mdogo wa “pop”, mambo ni mazuri. Likiachia papo hapo, kwanza badilisha tete. Hewa ikiendelea kuvuja, tazama kama ligecha inakandamiza upande mmoja. Wengi hukaza skrubu zaidi wakidhani ndiyo dawa, kumbe wanalikunja tete na sauti inazidi kukauka.

Ni kweli kwamba ligecha hubadilisha jinsi ala inavyoitikia, ila tete na kipulizio vina neno kubwa zaidi. Kulipa bei ya kipulizio kizuri kwa ajili ya ligecha adimu ni biashara mbaya.

Wakati unasubiri, kuna kamba. Kabla ya ligecha ya chuma yenye skrubu, ambayo kwa kawaida sifa yake hupewa mpigaji klarineti Iwan Müller mwanzoni mwa karne ya 19, tete zilifungwa kwa uzi, na wapigaji wengi wa Ujerumani hawajauacha hadi leo. Tumia kamba ya kusuka isiyonyumbuka, yenye unene wa milimita 1 hadi 2. Kwa kipenyo cha milimita 30, mizunguko 15 inakula takriban mita 1.4, kwa hiyo kata mita 1.7 upate mahali pa kushika. Anzia juu ukishuka, kila mzunguko ukigusa uliotangulia, na ncha ya mwisho ichomeke chini ya mizunguko miwili ya mwisho. Kipulizio laini sana huifanya kamba iteleze. Ukanda mwembamba wa karatasi kwenye mgongo wake unatosha kuizuia.