Mchoro Umefunguka, Lakini Kisu Kitaona Nini?

Msimu wa korosho ukikaribia, simu haipumziki. Mashine za kubangulia zilizolala miezi kadhaa zinaamshwa, na kila moja ina kipande kilicholika: sahani, flanji, kishikio cha kisu. Zamani mteja wa Masasi au Tandahimba alikuja Mtwara na kipande chenyewe kwenye mfuko wa rambo, tukakipima kwa venia, mambo yakaisha. Siku hizi anatuma mchoro wa kompyuta, nasi tunaulisha kwenye CNC, mashine ya kuchonga ambayo kisu chake kinaongozwa na kompyuta. Venia bado ipo mezani, ila ubishi umehamia kwenye mafaili, na karibu wote unatokana na imani kwamba faili likishafunguka basi limefika salama.

"Mbona mimi nauona vizuri?"

Anauona kwa sababu ni picha. Mtu anapiga picha skrini ya kompyuta, anaituma WhatsApp, halafu anauliza bei.

"Fundi, nimeshatuma. Umeuona?"

"Nimeuona, kaka, lakini hiyo ni picha. Niombee faili lenyewe kwa aliyechora, ulitume kama dokumenti."

Picha ni vidoa vya rangi, na ndani yake hamna mstari wala kipimo ambacho kisu kinaweza kukifuata. PDF ndiyo yenye utata. Ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchora, huwa na mistari halisi. Ikiwa imeskaniwa, ni picha iliyovaa kanzu. Kuza ukingo mmoja mpaka ujae skrini. Ukibaki mkali, ni mstari. Ukigeuka ngazi ngazi, umepewa picha.

"120 ni 120 tu"

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipolipia ada. DXF, aina ya faili tunayopokea zaidi, ilianzishwa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982 pamoja na AutoCAD, programu yake ya kuchora. Ukilifungua kama maandishi ya kawaida utakuta misimbo na namba zimepangwa wima. Utaiona 120, lakini hutaambiwa ni 120 za nini. Matoleo ya baadaye yaliwekewa nafasi ya kutaja kipimo: 1 ikimaanisha inchi, 4 milimita, na 0 kwamba hakijatajwa. Wachoraji wengi huiacha kwenye 0 bila kujua, na baadhi ya programu za kuandaa njia za kisu haziiangalii kabisa. Zinachukua kipimo zilichozoea.

Basi nikaletewa flanji ya kipenyo cha milimita 120. Ikafunguka na kuwa milimita 3,048, kubwa kuliko meza ya mashine. Hilo kosa ni la kistaarabu, linajitangaza: programu imesoma inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo ningegawa tu kwa 25.4. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na haraka, nikaishika kona kwa kipanya nikaivuta mpaka ikakaa "kama 120". Ilikuwa 118. Matundu manne yaliyotakiwa kukaa kwenye duara la kipenyo cha 90 yakakaa kwenye 88.5. Bolti ya kwanza iliingia, ya pili ikagoma, na chuma kile hakikuwa changu.

Tangu hapo, faili likiingia, kabla ya jambo jingine lolote napima kitu kimoja ninachokijua ukubwa wake. Kipimo kikikataa, nazidisha au nagawa kwa namba kamili. Kuvuta kwa kipanya ni mwiko.

"Mistari imeungana, si unaiona?"

Jicho linaona mstari umefika. Kompyuta inaona pengo la milimita 0.02, na kwake pengo ni pengo. Programu inahitaji umbo lililofungwa ili ijue ndani ni wapi na nje ni wapi, kisha ikisogeze kisu upande unaofaa. Umbo likiwa wazi, programu inaweza kukataa, na hapo shukuru. Balaa ni pale fundi anapoona imekataa, akaamua kisu kipite juu ya mstari wenyewe. Kisu cha milimita 6 kitakula 3 kila upande, na sahani yako ya 120 itatoka 114.

Programu nyingi zina kitufe cha kuunganisha ncha zilizokaribiana, ila angalia unaipa ruhusa kiasi gani. Ukiiambia 0.05, inaziba nyufa. Ukiiambia 2 kwa sababu umechoka kusubiri, itaziba na mifereji uliyotaka ibaki.

Kuna na mstari uliolaliana na mwenzake: mchoraji alinakili, akasahau, na sasa kisu kinapita mara mbili palepale. AutoCAD ina amri ya OVERKILL kwa kazi hiyo. Halafu ipo mistari inayoonekana kugusana ukiitazama kutoka juu, kumbe mmoja umeinuka milimita 5. Geuza mchoro uutazame ubavuni, utaujua. Na ufute leya, yaani matabaka ya mchoro, zenye fremu ya karatasi na vipimo. Nimewahi kuona ubao wa mninga wa mlango wenye 2100 iliyochongwa safi kabisa katikati, na mwenye mlango hakucheka.

"Duara ni duara"

Si kila mara. DXF ya zamani, lile toleo la R12, haijui splaini, yaani mkunjo huru unaohifadhiwa kama mstari mmoja, kwa hiyo mkunjo laini hukatwakatwa kuwa vipande vifupi vilivyonyooka. STL, faili la maumbo ya 3D lililozaliwa mwaka 1987 na mashine za kuchapa vitu vya 3D, ni pembetatu tupu na haibebi kipimo. Duara la nusu kipenyo cha 50 likigawanywa pande 36, katikati ya kila upande linapungua milimita 0.19. Kwenye ubao wa nakshi, msasa unamaliza. Kwenye kikalio cha beringi, umetengeneza chuma chakavu. Zaidi ya hapo mashine inatetemeka, maana inasoma vipande mamia badala ya amri moja ya kuzunguka.

Kwa kipande cha chuma cha 3D mimi naomba STEP, aina ya faili inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 10303. Kinabeba nyuso zenyewe na kipimo chake. STL naipokea kwa nakshi za kuchongwa tu.

"Programu ya bei mbaya hainisumbui"

Itaficha nyufa nyingi zaidi, ndiyo. Lakini haijui ulitaka nini, inabahatisha kwa adabu tu. Herufi nazo, usipozigeuza kuwa mistari kabla ya kutuma, zitafika kwangu kwa fonti nyingine kama kompyuta yangu haina yako.

Juzi yule mteja wa picha katuma tena. Safari hii ni DXF, kama dokumenti, na chini yake kaandika: "Fundi, nje 120 mm, tundu la kati 40." Nikapima tundu la kati. 40.00. Nikafunga sahani mezani.